Kufungua mtaa mpya au kufufua uliozorota: mwinjilisti mmoja apelekwe wapi?

Kamati yetu ya misioni na uinjilisti ilikuwa na posho ya mwinjilisti mmoja. Mezani palikuwa na barua mbili. Ya kwanza ilitoka kwa familia tisa zilizojenga kwenye viwanja vipya pembezoni mwa Dar es Salaam. Waliomba wafunguliwe mtaa, yaani tawi la usharika, maana kila Jumapili walipanda daladala mbili na watoto wadogo ili kufika kanisani. Ya pili iliandikwa kwa mkono na mzee wa kanisa wa mtaa wa zamani kijijini, mkoa wa Pwani. Mtaa huo una jengo la matofali ya kuchoma na benchi za mninga, lakini ibadani wanakuja watu kumi na wanne, na mwinjilisti wao alikuwa amestaafu.

Tulijadiliana kwa saa tatu na hatukuafikiana. Wenye kupenda kazi mpya walisema samaki wavuliwe waliko. Wenye uchungu na kazi ya zamani walisema hatuwezi kuzaa mtoto mwingine huku wa kwanza analala njaa. Nimekaa kwenye meza za namna hiyo kwa miaka mingi, na haya ninayaandika kwa wale ambao zamu yao imefika. Nitatumia lugha ya Kilutheri, usharika na mtaa, maana ndiko nilikolelewa. Mkatoliki asome parokia na kigango, Mpentekoste asome kanisa mama na kanisa changa.

Watu wameenda wapi?

Tunakosea tunapolinganisha majengo, idadi ya viti na sadaka za Jumapili kabla ya kujua kwa nini viti ni vitupu. Kuna kanisa lililokimbiwa pamoja na mahali lilipo: kiwanda kimefungwa, shamba la mkonge limekufa na kambi zake zimebaki magofu, vijana wameingia mjini. Na kuna kanisa ambalo watu wake hawajaenda popote. Wanaishi hatua mia mbili kutoka mlangoni, Jumapili asubuhi unasikia redio zao na harufu ya chapati zao, ila hawaingii. Mtu akiziangalia takwimu za mahudhurio makao makuu ya jimbo, makanisa haya mawili yanafanana kabisa. Dawa zake hazifanani hata kidogo.

Kwa hiyo kabla ya kupiga kura, chukueni rejista ya ubatizo na ya kipaimara ya miaka ishirini iliyopita. Kaeni na wazee wa jumuiya, jina kwa jina, mkiandika kwenye safu nne: amefariki, amehama, anasali kwingine, yuko nyumbani. Kazi hiyo inachukua wiki mbili au tatu na inagharimu daftari moja. Safu ya "amehama" ikiwa ndefu kuliko zote, mjue kanisa lenu halikufa, limesafiri, na wajibu wenu ni kuwafuata waumini huko waliko. Ikiwa ndefu ni "yuko nyumbani", kufungua mtaa mpya kilomita mbili mbele ni kukimbia deni. Wanaosali kwingine muwatembelee pia, kwa unyenyekevu, bila kuwavuta warudi. Watawaambia mambo ambayo waliobaki wanaogopa kuyasema.

Angalieni na watoto. Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba zaidi ya Watanzania wanne katika kila kumi wako chini ya miaka 15. Kama kijiji kimejaa watoto na shule ya Jumapili haina mtoto hata mmoja, hapo tatizo haliko kijijini.

Mahali ambapo kanisa jipya halina mpinzani

Miji yetu imekwenda mbio kuliko parokia na sharika zetu. Dar es Salaam ilihesabiwa watu milioni 2.5 hivi mwaka 2002, milioni 4.36 mwaka 2012, na milioni 5.38 mwaka 2022. Watu hao hawakujazana Kariakoo wala Upanga. Wamejenga Chanika, Kivule, Goba, Madale, Bunju, Chamazi, Kibamba, Kigamboni. Dodoma nayo, tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia huko, imeota mitaa mahali palipokuwa na mizabibu na michongoma. Huwezi kumwambia mama mwenye watoto wanne anayeishi huko afufue kanisa la katikati ya mji. Nauli peke yake inazidi sadaka yake, na mkesha wa Krismasi hawezi kurudi nyumbani usiku wa manane.

Tena kanisa jipya lina neema ambayo la zamani haliwezi kuinunua. Kila mtu ana kazi. Hakuna kiti cha mtu. Kijana aliyehamia mwezi uliopita anaongoza kwaya mwezi huu, fundi anapiga mabenchi, mwalimu wa shule ya msingi anachukua watoto. Kwenye usharika wa miaka themanini kijana huyo huyo angekaa nyuma miaka mitano akisubiri kuulizwa jina.

Tanzania Assemblies of God walilijua hili vizuri. Mpango wao wa Miaka Kumi ya Mavuno, kuanzia 2009 hadi 2018, chini ya Askofu Mkuu Barnabas Mtokambali, ulisukuma kupanda makanisa nchi nzima, na ulikwenda sambamba na kuwafundisha watumishi wa kuyachunga. Jambo hilo la pili ndilo wengi wanaloiga kwa shingo upande. Wanapanda, kisha wanatafuta mchungaji baadaye, na kwenye pengo hilo ndipo huingia mtu yeyote mwenye sauti kubwa na spika.

Hatari tatu nimeziona kwa macho yangu. Ya kwanza ni kiwanja. Kamati zenye furaha hununua haraka, kwa mkono, bila kupita serikali ya mtaa, na baada ya mwaka anatokea mmiliki wa pili mwenye karatasi zake. Ulizeni pia habari za hifadhi ya barabara. Waliokuwa kando ya Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kiluvya walibomolewa mwaka 2017, na wengi walikuwa wameishi hapo miaka mingi wakiamini wako salama.

Ya pili ni kuhesabu kondoo wa jirani. Mtaa mpya hujaa ndani ya miezi sita, tunashangilia, tunaandika ripoti nzuri. Mkiuliza mmoja mmoja alikuwa anasali wapi, mnaweza kukuta robo tatu wametoka mitaa miwili ya karibu, ambayo sasa nayo imezorota. Hamkuongeza mtu, mmehamisha viti.

Ya tatu ni kanisa lililozaliwa na ugomvi. Kwaya imegombana na mchungaji, wazee watatu wamekosana juu ya hesabu za ujenzi, nusu ya watu wanatoka na kwenda kuabudu kwenye ukumbi wa kukodi. Wanasema Mungu amewaita kupanda. Inawezekana. Lakini nimeona mara nyingi kwamba ugomvi hupandwa pamoja na kanisa, na baada ya miaka michache lile jipya nalo linagawanyika, tena kwa sababu ile ile ya hesabu. Ndugu wanaotaka kuondoka kwa namna hii ningewasihi wasubiri mwaka mmoja kabla ya kukodi ukumbi.

Sheria nayo isisahaulike. Usharika wa dhehebu lililosajiliwa hufungua mtaa chini ya usajili wa dhehebu lake, ila kundi linalojitegemea lazima lipite kwa Msajili wa Jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani. Majirani zetu wamekaza zaidi. Kenya ilisimamisha usajili wa makanisa mapya mwaka 2014, na baada ya miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja kufukuliwa Shakahola kuanzia 2023, hakuna mtu anayeweza kusema serikali haina sababu ya kuuliza nani anahubiri nini. Rwanda ilifunga nyumba za ibada zaidi ya 700 jijini Kigali mwaka 2018, nyingi kwa ubovu wa majengo, usafi na kelele, na sheria ya mwaka huo ikadai kiongozi wa kanisa awe na shahada ya theolojia. Mwaka 2024 zilifungwa tena kwa maelfu. Turubai na jenereta havitoshi tena kuitwa kanisa.

Uamsho ulioanzia ndani ya kanisa baridi

Nikisikia mtu akisema kanisa la zamani halifufuki, namkumbusha Gahini. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe mjini Kampala, daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha Gahini nchini Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi. Wote wawili walikuwa Waanglikana waliochoka na ubaridi wa kanisa lao. Wakasoma Biblia pamoja, wakaomba pamoja. Miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini kati ya wahudumu wa hospitali na walimu. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alifariki mwanzoni mwa 1936 akiwa bado kijana, na neno alilokuwa akililia kanisa lake ni Zukuka, yaani amka kwa Kiganda.

Uamsho ule ulivuka Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika bila kujenga dhehebu. Hawakununua kiwanja. Walisimama mbele ya wenzao na kutubu kwa majina ya vitu: kuku niliyeiba, mke niliyempiga, fedha za dawa nilizotia mfukoni, chuki yangu kwa Mzungu, na Mzungu naye akatubu dharau yake. Watu walirudisha mali za watu. Bukoba ulipenya kwa Walutheri, na miongoni mwa walioguswa alikuwamo Josiah Kibira, ambaye baadaye alikuwa askofu, na mwaka 1977, kwenye mkutano uliofanyika Dar es Salaam, akachaguliwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kukaa kwenye kiti hicho. Mpaka leo wimbo wa uamsho huo, Tukutendereza Yesu, huimbwa kwenye misiba yetu na watu ambao hawajui neno jingine la Kiganda.

Nisifiche upande wa pili. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kwa sababu ya uamsho huo. Na Kenya, mvutano ndani ya Kanisa la Anglikana upande wa Nyanza ulifika mahali Matthew Ajuoga na wenzake wakaondoka na kuanzisha Church of Christ in Africa mwaka 1957. Kufufua kuna maumivu yake. Viongozi wakiuzima moto, hutoka nje na kuwa kanisa jipya.

Lakini utaratibu wa Gahini ndio uleule niliouona ukifanya kazi kwenye mtaa wenye watu kumi na wanne. Tulipofanya zoezi la rejista kule, safu ya "yuko nyumbani" ilijaza kurasa tatu. Tukaanza kutembea, mchungaji, wazee wawili na mimi. Nyumba ya nne tukamkuta mama mmoja anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibuni." Akatandika mkeka, akanyamaza. Mchungaji alipouliza kwa upole ni nini kilimtoa kanisani, akaendelea kuchambua.

"Siku tunamzika baba watoto," akasema, "jeneza liko kwenye gari, mzee wenu akaniuliza risiti za ahadi."

Mumewe alikuwa hajamaliza ahadi ya ujenzi. Ibada ya maziko iliongozwa na jirani. Mchungaji wetu hakuwepo enzi hizo, hakumjua marehemu, lakini alipiga magoti pale pale kwenye sakafu ya udongo akaomba msamaha kwa niaba ya kanisa. Mama hakusema kitu. Jumapili iliyofuata hakuja, wala mwezi uliofuata. Alikuja baada ya miezi minne, siku ya mavuno, na mkungu wa ndizi kichwani, na nyuma yake wanawe na wajukuu. Kwenye mnada baada ya ibada mkungu ule ulizungushwa mara saba. Kila aliyeununua aliurudisha uuzwe tena.

Nyumba nyingine kumi na moja zilikuwa na hadithi za aina hiyo: mazishi, binti aliyetengwa hadharani, fedha za kwaya. Hakuna mkutano wa injili wenye spika nne ambao ungezifikia.

Vinagharimu nini

Kwa fedha, watu hudhani kufufua ni rahisi kwa kuwa jengo lipo. Jengo la zamani ni paa linalovuja, mchwa, na wakati mwingine mgogoro wa mpaka na ukoo uliotoa ardhi kwa maneno miaka hamsini iliyopita. Hata hivyo mwanzo wake hauhitaji fedha, unahitaji miguu. Mtaa mpya ni kinyume chake: unaanza na sebule ya mtu na viti vya plastiki, halafu mwaka wa pili gharama zinakuja kwa pamoja, kiwanja, mabati, choo, nyumba ya mwinjilisti. Mkifungua, andikeni bajeti ya miaka mitatu, wala msiiweke kwenye matumaini ya harambee.

Kwa muda, kanisa jipya mahali sahihi huonyesha dalili ndani ya mwaka. Kufufua hakuonyeshi kitu kwa muda mrefu. Mwaka wa kwanza wa kule kijijini tulitoka watu kumi na wanne tukafika kumi na tisa, na kwenye vikao vya jimbo tulionekana tumepoteza posho. Asiyeweza kuvumilia ripoti ya namna hiyo asijaribu kufufua.

Mtumishi ndiye jambo kubwa kuliko yote, na hapa ndipo kamati nyingi hukosea. Mwanzilishi mzuri ni mtu wa kuongea na wageni, mwenye haraka, asiyeogopa kukosea, anayeweza kupiga gitaa na kuchimba msingi siku moja. Mpeleke mtu huyo kwenye usharika wenye majeraha, na ndani ya miezi sita ameshabadilisha ratiba ya ibada, amewatukana wazee kwa mahubiri, na amemaliza. Mfufuaji ni mtu wa kusikiliza. Mara nyingi ana mvi. Anajua kukaa msibani siku tatu bila kuhubiri. Tumezoea kumpeleka kijana aliyetoka chuoni jana kwenye mtaa uliokufa, tukiona ni mahali pa kujifunzia. Ni kumwonea yeye, na kuwaonea wale waliobaki.

Na wale waliobaki waheshimiwe. Watu kumi na wanne walioshika funguo za kanisa miaka kumi hawawezi kuitwa kikwazo. Wamefagia, wamepiga kengele, wamesoma somo bila mchungaji. Kweli, baadhi yao wamelifanya kanisa kuwa la ukoo, na mzee mmoja kukaa na daftari la fedha tangu ujana wake ni jambo linalopaswa kukoma. Ila likomeshwe kwa kikao na shukrani, na kwa mahesabu yaliyosomwa mbele ya wote.

Kupandikiza

Kuna njia ya katikati ambayo haizungumzwi vya kutosha huku kwetu. Mkulima wa miembe anaijua: unachukua kikonyo cha mwembe mpya unakipandikiza kwenye shina la zamani. Mwaka 2009 kanisa la Holy Trinity Brompton la London lilipeleka kundi la waumini wake kwenye kanisa la St Peter's mjini Brighton, jengo kubwa la Kianglikana lililokuwa likielekea kufungwa, na leo ibada zinaendelea pale. Sisi tunaweza kufanya hivyo bila ndege wala mamilioni. Usharika mkubwa wa mjini wenye ibada tatu kila Jumapili uombe familia sita zijitolee kusali mtaa dhaifu kwa miaka miwili, zipeleke sadaka zao huko, watoto wao wakaanzishe shule ya Jumapili. Sharti moja: waende kama wageni, waulize kabla ya kubadilisha, wasiende kuwafundisha wenyeji namna ya kuimba.

Tulichoamua

Posho tuliipeleka kijijini. Familia tisa za viwanja vipya hazikufurahi, na nilielewa. Lakini kati yao palikuwa na walimu wawili, muuguzi, na baba mmoja aliyewahi kuwa katibu wa usharika. Walichokosa ni ruhusa. Tukawaambia waanze kama jumuiya, wakutane sebuleni kila Jumapili, waongoze ibada wenyewe, na mchungaji atawafikia mara moja kwa mwezi kwa meza ya Bwana na ubatizo. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipotilia mkazo jumuiya ndogo ndogo kwenye mikutano ya umoja wao, AMECEA, ya 1973 na 1976, walikuwa wameona kitu hicho hicho: kanisa linaweza kuwa la mtaani kabla halijawa na kuta. Baada ya miaka miwili zile familia tisa zilikuwa thelathini na moja, kiwanja kimelipiwa, nasi tukafungua mtaa rasmi. Mahali pa zamani pasingeweza kungoja hivyo. Pale palihitajika mtu wa kuishi nao.

Hatukufanikiwa kila mahali. Mtaa mwingine, kwenye kambi ya zamani ya mkonge, tuliupa mwinjilisti miaka miwili bila kufanya kwanza zoezi la rejista. Tungelifanya, tungeona kwamba karibu kila jina lilikuwa limehama. Yule mtumishi alihubiria bibi wanne na mlinzi mmoja, akavunjika moyo, na sisi ndio tuliomvunja. Mwishowe tuliufunga. Tuliufunga kwa ibada kamili: tukasoma majina ya waliobatizwa pale, tukatembelea makaburi, mchungaji akawapangia wale bibi usafiri wa kila Jumapili. Jengo likawa chekechea ya kijiji.

Kengele tuliishusha kwa kamba. Sasa imening'inia kwenye mwarobaini, kwenye kiwanja cha zile familia tisa, na Jumapili saa moja na nusu watoto wanagombania nani aipige.